Pemba katika Ramani za Kale, na Nchi ya Waqwaq

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlioko madarasani hivi sasa,

Kamati ya gazeti letu iliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, jambo la kwanza lililonijia ni ile ramani ya dunia iliyokuwa ikining'inia katika chumba cha kidato cha pili. Wale wa rika langu wanaikumbuka. Ilikuwa ya kitambaa, imepauka upande wa dirishani, na Bahari ya Hindi ilikuwa na kiraka. Unguja ilionekana, ndogo kama punje ya mtama. Pemba haikuonekana kabisa, kwa sababu herufi ya kwanza ya jina la Zanzibar ilikuwa imekaa juu yake barabara.

Siku moja mwenzetu mmoja alichukua kalamu ya wino akaweka nukta pale pahali pa Pemba. Alichapwa viboko viwili kwa kuharibu mali ya shule. Lakini nukta ile haikufutwa, na nilipomaliza kidato cha nne ilikuwa bado ipo.

Miaka mingi baadaye, nilipopata nafasi ya kusoma vitabu vya ramani za kale, ndipo nilipofahamu kwamba kisiwa chetu hakikungojea kalamu ya yule kijana. Watu wa mbali wamekiandika tangu karibu miaka elfu mbili iliyopita, ila kwa majina mengine. Na jambo lililonishangaza zaidi ni majirani tuliopewa katika ramani hizo: nchi ambazo hazikuwapo, bahari zilizofungwa kama ziwa, na miti inayozaa watu. Kwa nini uwongo huo wote ulirundikwa karibu na sisi? Hilo ndilo nitakalolieleza, kwa kadiri ya uwezo wangu.

Tuanze na mfanyabiashara mmoja Myunani wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Katikati ya karne ya kwanza Miladia aliandika kitabu cha kuwaongoza wenziwe katika biashara, kiitwacho Periplus wa Bahari ya Eritrea. Anashuka na pwani ya Afrika bandari baada ya bandari, mpaka anafika kwenye kisiwa kiitwacho Menouthias, kisha siku mbili mbele anafika Rhapta, soko la mwisho upande wa bara. Baada ya hapo, anasema, bahari haijulikani.

Habari za Menouthias ni chache lakini zimekaa vizuri. Kisiwa kiko kiasi cha stadia 300 kutoka bara, nacho ni cha chini, kina miti mingi na mito, ndege wa kila aina na kobe. Hakina wanyama wakali ila mamba, na mamba hao hawamdhuru mtu. Watu wake wana mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na huvua kwa vikapu wanavyovifunga kwenye milango ya maji baina ya miamba.

Wataalamu wamegombana sana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Mimi ni Mpemba, na sitajifanya hakimu asiye na upande. Lakini hesabu ni hesabu. Stadia 300 ni kiasi cha kilomita 55. Mafia iko karibu mno na bara, Unguja nayo iko kilomita thelathini na kitu, na Pemba iko kama kilomita 50, ng'ambo ya mkondo ambao kina chake ni mamia ya mita. Mamba wasiomdhuru mtu, wapo waliodhani ni kenge. Vyombo vya kushona ni mitepe, ambayo babu zetu waliiona kwa macho yao. Na vikapu vya kuvulia samaki, kijana wa Tumbe au Msuka hahitaji profesa wa kumfasiria: ni madema. Anayeniletea hoja ya Unguja namkaribisha, lakini aje na kipimo chake.

Baadaye kidogo, yapata mwaka 150, alitokea Ptolemy wa Iskandaria, mkuu wa wachora ramani wa kale. Yeye hakusafiri huku. Alikusanya maneno ya mabaharia. Mmoja wao, Diogenes, alikuwa akirudi kutoka Bara Hindi. Alipokaribia ncha ya Usomali upepo wa kaskazini ukamchukua, na baada ya siku 25 akafika karibu na Rhapta. Mwingine, Theophilos, aliondoka Rhapta kwa upepo wa kusini, akafika ile ncha ya Usomali siku ya ishirini. Ptolemy aliandika habari hizi kama mambo ya bahati. Kila mtoto wa Pemba anajua kwamba huyo wa kwanza alichukuliwa na kaskazi na wa pili alirudi na kusi. Hapakuwa na ajabu.

Ptolemy aliweka Rhapta na Menouthias katika ramani yake, na upande wa bara akaweka maziwa ya Nile na Milima ya Mwezi. Kusini zaidi hakuwa na shahidi. Hapo ndipo alipofanya kosa kubwa. Badala ya kuacha karatasi nyeupe, aliikunja pwani ya Afrika kuelekea mashariki, akaivuta mpaka ikaungana na Asia. Bahari ya Hindi ikawa ziwa, na ukingo wake wa kusini ukawa nchi isiyojulikana, ambayo haikuwapo kamwe. Kitabu chake kilipofasiriwa kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, Wazungu wengi waliiamini ramani hiyo, mpaka Bartolomeu Dias alipoizunguka ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488.

Jambo la kutazama hapa ni mahali ule uwongo ulipoanzia: ni pale pale habari za mabaharia zilipokoma. Mpaka kufikia Rhapta, mambo ni ya kweli, hata idadi ya siku za safari imetajwa. Hatua moja baada ya hapo, ni nchi ya kubuni. Kisiwa chetu kilikuwa karibu na ukingo huo, na ndiyo sababu tukapata majirani wa ajabu.

Sasa turuke karibu miaka mia nane, tufike zama za Waarabu na Waajemi, maana hapa habari zinanenepa. Pwani yetu wakati huo inaitwa nchi ya Zanj, na bandari yake mashuhuri inaitwa Qanbalu. Al-Masudi, mwanahistoria aliyezaliwa Baghdad, alisafiri mwenyewe mpaka huko pamoja na manahodha wa Oman na Siraf, na safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917 Miladia. Anasema kisiwa hicho kina Waislamu, na kwamba Waislamu hao husema lugha ya Zanj. Anaeleza pia jinsi pembe za ndovu zinavyokwenda Oman, na kutoka huko zikaenda Hindi na China. Na anaogopa bahari yetu. Anasema mawimbi yake ni kama milima, naye alikuwa ameonja bahari nyingi.

Qanbalu ni wapi? Wapo wa zamani walioipeleka Bukini na Ngazija. Siku hizi wengi wa wachimbaji wa mambo ya kale wanakubali kwamba ni Pemba, ingawa bado wanabishana ni sehemu gani ya Pemba. Hoja ya kwanza ni Ras Mkumbuu, ile ncha ndefu iliyo magharibi ya Chake Chake, penye msikiti wa mawe na makaburi ya nguzo. Ukilitamka jina Mkumbuu na jina Qanbalu kwa pamoja utasikia mwenyewe. James Kirkman alichimba hapo katika miaka ya 1950, na Mark Horton akachimba tena katika miaka ya 1980 na kukuta chini ya msikiti unaoonekana dalili za misikiti mingine ya zamani zaidi. Wengine wanaitaja Tumbe, ambako palikuwa na mji mkubwa kuanzia karne ya saba mpaka ya kumi. Mimi sina ugomvi na lolote katika haya mawili, maadamu halitoki kisiwani.

Nje ya Qanbalu, kusini, palikuwa na Sofala, na baada ya Sofala ndipo panapoanza Waqwaq.

Waqwaq ni nchi iliyowasumbua wachora ramani wa Kiislamu kuliko nchi yoyote. Wengine waliiweka mashariki karibu na China, wengine waliiweka kusini karibu na Sofala, na wengine waliiweka pote pawili. Ilisemekana ina dhahabu nyingi kupita kiasi. Ilisemekana pia kwamba ina mti unaozaa matunda yenye sura ya wanawake, wanaoning'inia kwa nywele zao na kulia "waq, waq". Mti huu ulichorwa tena na tena katika vitabu vya maajabu, na nadhani wachoraji wake waliufurahia. Bahati mbaya baadhi ya wasomi wa baadaye, walipouona mti, waliitupa nchi yote pamoja na mti wake.

Lakini kuna kitabu kingine, Maajabu ya Hindi, kilichokusanywa katika karne ya kumi na nahodha mmoja Mwajemi, Buzurg bin Shahriyar. Humo mna ngano nyingi za samaki wakubwa na majoka. Humo pia mna habari hii: mwaka 334 Hijria, sawa na 945 au 946, watu wa Waqwaq walikuja na vyombo vidogo kiasi cha elfu moja, wakaishambulia Qanbalu. Walipigana kwa nguvu lakini hawakuuweza mji, kwa sababu ulikuwa na boma madhubuti na ulizungukwa na maji ya bahari, ukasimama katikati kama ngome. Walipoulizwa kwa nini wamekuja, walijibu kwamba wanataka bidhaa zinazofaa nchini mwao na China: pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui na ambari, tena wanawataka watu wa Zanj wawe watumwa, kwa kuwa ni wenye nguvu na wastahamilivu. Wakasema wamesafiri mwaka mzima.

Vyombo elfu moja siviamini sana. Mtu aliyezingirwa huhesabu kwa hofu. Yaliyobaki nayaamini. Hebu tazameni majibu yao. Watu wa ngano hawaulizi bei ya ambari. Hawa walijua soko la China linataka nini, na walijua linapatikana wapi. Walikuwa wafanyabiashara, na walikuwa wezi wa watu vilevile, kama walivyokuwa wengine wengi waliofika pwani hii, na kama walivyokuwa baadhi yetu. Hilo nalo lisifichwe.

Basi walikuwa nani? Ujuzi wa leo unatupa jibu la kutosha. Lugha ya Bukini ni ndugu wa lugha za Borneo, hasa Kimaanyan. Wachimbaji wamekuta katika Ngazija na Bukini mabaki ya mpunga na chooko, mazao ya Asia, ya tangu zamani za karne ya nane na kuendelea. Kwa hiyo watu wa visiwa vya Indonesia kweli walivuka bahari hii yote, wakakaa upande wetu. Wataalamu wengi wanawaona wale washambuliaji wa Qanbalu kuwa ndio hao, au ndugu zao. Waqwaq, nchi iliyokuwa ngano kule Baghdad, Pemba ilikuwa ni watu waliotokeza mbele ya boma wakiwa na silaha mkononi.

Tena hawakutuletea vita tu. Katika machimbo ya Tumbe mbegu zilizopatikana zaidi ni mawele. Katika mji wa Chwaka, uliofuata baadaye, mpunga umeshika nafasi. Sisemi kwamba mpunga uliletwa siku ya vita, la, na huenda ulipitia mikono mingi. Lakini tazameni ngalawa. Chombo chenye marengu mawili ubavuni, kimoja huku na kimoja huku, ndugu zake wako Indonesia, hawako Arabuni. Waliochunguza vyombo vya bahari wameliona hili zamani. Kila asubuhi mvuvi wa Pemba anaposukuma ngalawa yake majini, anapanda kitu kilichotoka kule ambako vitabu viliweka mti wa wanawake.

Mwaka 2002 maktaba ya Bodleian ya Oxford ilinunua kitabu cha Kiarabu kilichotungwa Misri baina ya 1020 na 1050, na kunakiliwa baadaye. Ndani yake mna ramani ya Bahari ya Hindi yenye umbo la yai. Na humo, kwa mara ya kwanza katika ramani yoyote iliyosalia duniani, yameandikwa majina ya Unguja na Qanbalu. Unguja imepewa na maelezo, kwamba ina bandari ishirini za kutia nanga. Nitairudia habari hii.

Mwaka 1154 al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger wa Sicily ramani kubwa ya dunia, kusini ikiwa juu. Pwani yetu inapita juu ya karatasi kuelekea mashariki kama ile ya Ptolemy, na mwisho wake ni Waqwaq. Kosa la Iskandaria lilikuwa bado linaishi baada ya miaka elfu.

Yaqut, aliyefariki 1229, hakuchora ramani, lakini kamusi yake ya miji inatupa jina letu la tatu: al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani. Anasema kina miji miwili, na kila mmoja una sultani wake asiyemtii mwenziwe. Mmoja umeandikwa kwa herufi zinazosomeka kama Mkanbalu, na wa pili kama Mtanbi au Mtanby. Huo wa pili ulikuwa kitendawili mpaka watu walipoitazama Mtambwe Mkuu, kusini ya Wete, ambako maji yakijaa unakuwa kisiwa na yakitoka unakwenda kwa miguu. Mwaka 1984 pale Mtambwe Mkuu zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, na sarafu nyingi za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii hii. Kwa hiyo yule aliyemsimulia Yaqut kwamba Pemba kuna masultani wawili hakuwa akipiga porojo.

Wareno nitawapitia haraka, maana wameandikwa sana na tulikaririshwa sana. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita mlango wa Pemba zikielekea Mombasa. Kumbukumbu za safari hiyo zinataja visiwa vilivyo mbali na bara, vyenye wakazi Waislamu, ambavyo hutoa milingoti kwa vyombo vya nchi. Wafafanuzi wakasema ni Pemba. Basi hapo hatukuwa tena kwenye ukingo wa bahari. Uwongo ulihama, ukaenda bara.

Nao ulikuwa uwongo wa namna ile ile. Mwaka 1855 na 1856 ilichapishwa Ulaya ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann. Walikaa pwani, Erhardt akiwa Tanga, ng'ambo tu ya mlango wetu, wakawahoji watu wa misafara. Aliyetoka kusini alisema mwisho wa njia kuna ziwa kubwa. Aliyetoka katikati alisema hivyo hivyo, na wa kaskazini pia. Wote walisema kweli: walikuwa wakitaja Nyasa, Tanganyika na Nyanza. Waliosikiliza ndio waliounganisha, wakachora ziwa moja la kutisha, limelala katikati ya Afrika kama konokono asiye na koa, wakaliita Bahari ya Uniamesi. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, na Speke akaliona Nyanza mwezi wa Agosti mwaka ule ule, konokono akakatika vipande.

Nimalizie na lile nililoahidi kulirudia. Nilichukua nakala ya picha ya ile ramani ya Oxford nikaenda nayo kwa ami yangu, mvuvi wa zamani, ambaye hakusoma skuli lakini Kiarabu anakisoma. Tulikaa barazani baada ya sala ya alasiri. Aliizungusha karatasi mara mbili tatu, akaona bahari, akaona jina la Unguja, nikamsomea habari ya bandari ishirini. Kisha akatafuta kwetu. Akakuta jina peke yake.

"Za Unguja wamezihesabu," akasema. "Za Pemba mbona hawakuzihesabu?"

Nikamwambia labda yule baharia hakuzunguka kisiwa. Akanitazama kwa huruma, akaanza kuhesabu kwa vidole: Mkoani, Wesha, Mkumbuu, Mtambwe, Wete, akazunguka Ngezi, akapita Msuka na Tumbe, akashuka upande wa mashariki Shumba na Kiuyu, akitaja kila moja ina maji ya namna gani na inaingiwa kwa kusi au kwa kaskazi. Mimi niliandika nyuma ya ile picha. Adhana ya magharibi ilipotukuta tulikuwa na ishirini na tatu, naye alikuwa bado hajafika kusini.